Mrejesho: mabiringanya na maji ya kubania, Bagamoyo

Wakuu, habari za jioni. Niliuliza kama naweza kupunguza maji ya mabiringanya kwa nusu, maana kiangazi kisima kinashuka na pampu inakula mafuta. Mkaniambia nisibanie wakati wa maua. Nimevuna, naleta mrejesho.

Matuta niliyobania mwanzoni tu, miche ikishashika, hayakupishana sana na yaliyoshiba maji. Mizizi ya biringanya huenda chini, inajitafutia. Balaa lipo kwenye yale yaliyokaa na kiu tangu maua: maua yalipukutika, matunda machache tena madogo, ngozi imefifia, haina ule mng'ao. Ukipasua, mbegu zimeshakuwa za kahawia na nyama chungu. Mama mmoja muuza mboga sokoni alibonyeza tunda kwa kidole gumba, akalirudisha kwenye tenga bila neno. Na utitiri mwekundu, vile vidudu vidogo vinavyofyonza majani, ulijazana hukohuko. Ukavu ndio sherehe yake.

Aliyesema nitandaze nyasi kavu, shikamoo mkuu. Udongo wetu wa kichanga haushiki maji, lakini chini ya matandazo unyevu ulikaa hadi kesho yake. Msimu ujao nabana mwanzoni, maua yakichomoza nafungulia.