Robotron: 2084 ni mchezo wa joistiki mbili: acheni kutuuzia matoleo ya nyumbani yenye moja

Wakuu, salaam. Nimechoshwa na malinganisho ya matoleo ya nyumbani ya Robotron: 2084, mchezo wa video wa kupiga roboti uliotoka kwanza kama mashine ya kumbi za michezo, yanayopima rangi, sauti na ukali wa picha kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho, kisha namna ya kuuendesha mchezo wenyewe inatajwa kwa sentensi moja ya kufungia. Nimechoshwa zaidi na wauzaji wanaoyageuza malinganisho hayo kuwa tangazo. Mtu anasoma kwamba toleo fulani ni sawasawa na mashine ya ukumbini, anatoa fedha yake, anafika nyumbani, anafungua boksi na kukuta joistiki (kijiti cha kuendeshea mchezo) moja na vitufe viwili. Hilo ni changa la macho.

Mashine yenyewe ilitoka mwaka 1982 katika kampuni ya Williams ya Chicago, na waliobuni ni Eugene Jarvis na Larry DeMar. Kwenye paneli yake kuna joistiki mbili zenye mielekeo minane kila moja: ya kushoto inamtembeza mtu wako, ya kulia inapiga risasi. Hakuna kitufe cha kufyatulia; vitufe vilivyopo ni vya kuanzisha mchezo tu. Mpangilio huo haukuja kwa bahati. Jarvis alikuwa amecheza Berzerk, mchezo mwingine wa ukumbini wa mwaka 1980, ambayo ilimlazimu mchezaji kuielekeza joistiki kule anakotaka kupiga, kwa hiyo hukuweza kukimbilia upande mmoja huku ukipiga upande mwingine. Juu ya hilo, alikuwa ameumia mkono katika ajali ya gari, na kutumia joistiki pamoja na kitufe kukawa ni adha. Suluhisho likawa joistiki mbili, na jaribio la mwanzo kabisa lilifanywa kwa joistiki za Atari 2600, yaani zile zile za sebuleni, zilizofungwa pamoja kwenye paneli. Wanaotuambia kwamba joistiki mbili ni anasa ya ukumbini wajue kwamba mchezo huu ulizaliwa kwa vifaa vya nyumbani.

Asiyeucheza anaweza kudhani ninakuza jambo dogo, kwa hiyo naomba mnifuatilie katika raundi moja tu. Unaanza katikati ya skrini na maadui wamekuzunguka pande zote. Grunt, roboti wa kawaida, wanakujia moja kwa moja, na kasi yao inaongezeka kadiri unavyokawia. Hulk, roboti mkubwa, hafi, risasi zako zinamsukuma nyuma kidogo tu, na yeye ndiye anayewakanyaga watu wa familia uliyotumwa kuiokoa, yaani mama, baba na mtoto Mikey. Mtu wa kwanza unayemwokoa katika raundi anakupa pointi 1,000, wa pili 2,000, na hivyo hivyo hadi 5,000, kwa hiyo kila mara unavutwa kuelekea mahali ambako hukupaswa kwenda. Sasa tazama kinachotokea: mama yuko kona ya juu kulia, unamkimbilia, Grunt wanane wako nyuma yako kushoto, unawapiga bila kusimama, Hulk anakaribia kutoka chini, unageuza risasi zimsukume, huku mkono wa kushoto haujabadilisha chochote, pembeni Spheroid, adui wa duara, ameshaanza kutema Enforcer, roboti wanaokupiga risasi, na mkono wa kulia unahamia huko. Mikono miwili inafanya kazi mbili zisizofanana kwa wakati mmoja, na raha yote ya Robotron, pamoja na jasho lake lote, imo humo.

Mpe mchezaji huyo joistiki moja na kitufe, risasi zikienda kule anakotazama, na kila kitu kinapinduka. Ili umuue Grunt inabidi umkaribie. Ukikimbia, unaipa mgongo hatari usiyoweza kuipiga. Idadi ya maadui ilipangwa na watu waliojua kwamba mchezaji anapiga huku akirudi nyuma, kwa hiyo matoleo ya namna hii hulazimika kuwa magumu kupita kiasi au kupunguziwa maadui, na kwa vyovyote vile yanabaki na jina tu.

Tukija kwenye matoleo yenyewe, walau baadhi ya watengenezaji wa zamani walilijua tatizo. Toleo la konsoli ya Atari 5200 lilikuja na kishikizo cha plastiki cha kupachika padi mbili pamoja, jambo ambalo ninaliheshimu hadi leo. Kwa bahati mbaya joistiki ya 5200 hairudi katikati yenyewe unapoiachia, kwa hiyo mtu wako anaendelea kutembea baada ya wewe kutaka asimame, na katika Robotron hatua mbili za ziada zinatosha kukuua. Atari 7800 ilikubali joistiki mbili, moja katika kila tundu, nazo zinarudi katikati kama inavyotakiwa. Kasoro yake ni kwamba joistiki hizo zilitengenezwa zishikwe kwa mikono miwili: mmoja unashika kitako, mwingine unasukuma. Ukiziweka mbili mezani bila kuzifunga zinateleza, na ukizibana kwa mapaja unachoka mapema. Hata hivyo, kwa hukumu yangu, hilo ndilo toleo la uaminifu zaidi la miaka ya themanini, kwa sababu aliyezifunga joistiki zake kwenye ubao alikuwa na mchezo kamili.

Toleo la Atari Lynx la mwaka 1991 sitalizungumzia sana. Konsoli ya mkononi yenye padi moja ya mwelekeo na vitufe viwili vya kufyatulia haiwezi kuutoa mchezo huu, hata mtaalamu awe hodari namna gani, na wanaousifia wepesi wa picha zake wanasifia kitu nisichokiuliza.

Mwaka 1996 ulikuja mkusanyiko wa michezo ya Williams, na kwenye Super Nintendo vitufe vinne vya kulia vilifanywa kuwa mielekeo ya risasi: cha juu kinapiga juu, cha kushoto kinapiga kushoto, na kwa mshazari unabonyeza viwili pamoja. Wazo hilo ni zuri, na lilikuwa limeshatumika kwenye mchezo mwingine wa konsoli hiyo, Super Smash T.V. Lakini kidole gumba kimoja juu ya vitufe vinne hakiwezi kuzungusha risasi duara zima kama mkono unavyoizungusha joistiki. Kutoka kushoto kwenda kulia inabidi kidole kiruke, na kinaporuka hakuna risasi inayotoka. Kwa raundi za mwanzo unavumilia. Maadui waitwao Brain wanapoanza kuwageuza watu uliotaka kuwaokoa kuwa Prog, yaani maadui wanaokuwinda, huvumilii tena.

Halafu kuna wanaosema malalamiko haya yaliisha mwaka 2005, toleo la Xbox 360 lilipokuja na padi yenye vijiti viwili vya dolegumba. Nakubali kwamba hilo ni afadhali kubwa, na ndilo ninalolicheza mara nyingi. Ila tatizo halijaisha. Ndani ya joistiki ya ukumbini mna swichi: ama imefunga au haijafunga, na mkono unajua. Kijiti cha dolegumba hupima pembe, kisha programu huamua pembe hiyo ni mwelekeo upi kati ya minane, na mpaka kati ya kulia na mshazari huuhisi popote. Unakusudia kupiga kulia, risasi inapanda juu, Grunt anakufikia. Ongeza hapo ucheleweshaji wa televisheni bapa zinazoishughulikia picha kabla ya kuionyesha, na mchezo ulioandikwa kwa skrini ya bomba (CRT, zile nene za zamani) unapoteza ukali wake. Malinganisho mangapi yamewahi kutaja hata kimoja kati ya vitu hivi?

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni ununuzi wangu wa hivi karibuni. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alikuwa na mashine ya mezani yenye michezo mingi ya zamani, na juu ya boksi lake kulikuwa na picha ya paneli yenye joistiki mbili pamoja na jina la Robotron kwa herufi kubwa. Nilipofungua nilikuta joistiki moja upande wa kushoto na vitufe sita kulia. Ndani ya mipangilio, kitufe kimoja tu kilikuwa kimepewa kazi ya kupiga, na risasi zilikwenda kule mtu anakotazama. Vitufe vingine vitano havikufanya lolote, ingawa vinne kati yake vingetosha kugawiwa mielekeo kama walivyofanya wa Super Nintendo. Nilipolalamika niliambiwa kwamba mchezo unafunguka na unacheza vizuri, hivyo hakuna hitilafu. Jibu hilo limenikera kuliko upotevu wa fedha. Wale wanaotuletea duara mbili zilizochorwa kwenye kioo cha simu nao wamo humu humu: kidole kinaziba skrini, kinateleza nje ya duara, na hakuna kinachokiambia kimetoka.

Ninachodai si kikubwa. Muuzaji yeyote anayeweka jina la Robotron kwenye bidhaa yake aandike nje ya boksi risasi zinaelekezwa kwa kitu gani, na kama bidhaa ina joistiki moja, picha ya mbili isitumike. Nanyi mnaoandika malinganisho, anzeni na hilo kabla ya rangi na sauti: semeni mlicheza kwa joistiki gani, kwenye skrini ya aina gani, na mlifika raundi ya ngapi. Anayefahamu paneli ya joistiki mbili za swichi inayokubali kompyuta ya kawaida na inayopatikana bila kuagizwa mbali, naomba aiweke hapa pamoja na bei yake.