Kuhariri data za mtandao wa maji: jedwali la QGIS, lahajedwali, au ramani yenyewe?

Mleta mada (Ujiji)
Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu. Chombo chetu cha watumia maji kinatunza katika QGIS (programu ya kompyuta ya kutengeneza na kuhariri ramani) ramani ya mabomba, valvu, matenki na vilula (vituo vya kuchotea maji), na sasa tunatakiwa kusahihisha vipenyo, aina za mabomba na hali ya kila kilula kwa kufuata madaftari ya mafundi. Tunaweza kubofya kila bomba kwenye ramani na kujaza fomu yake, au kufungua jedwali la sifa (lenye safumlalo moja kwa kila bomba au kilula) ndani ya QGIS na kuandika humo, au kuzitoa data kwenda kwenye lahajedwali, kuzihariri huko na kuzirudisha. Wenzangu wanaipenda njia hii ya mwisho kwa kuwa kila mtu ofisini anaifahamu. Mimi nasita, na ningependa kusikia sababu kutoka kwa wanaoifanya kazi hii.

Mpimaji (Mwanga, Kigoma mjini)
Ndugu mleta mada, kusita kwako kuna msingi, hasa ikiwa data zenu bado ziko katika SHP, muundo wa zamani wa mafaili ya ramani. Katika muundo huo maumbo hukaa kwenye faili moja na jedwali hukaa kwenye faili jingine la DBF, na kinachoyaunganisha ni mpangilio peke yake: umbo la kumi ni la safumlalo ya kumi. Mtu akilifungua faili la DBF kwenye lahajedwali, akazipanga safumlalo kwa kipenyo kisha akahifadhi, hataona onyo lolote kwamba mpangilio umevurugika, lakini bomba la milimita 110 litakuwa limebeba sifa za bomba la milimita 32, na ramani itaendelea kuonekana safi kabisa. Kosa la namna hiyo linaweza kukaa miaka hadi siku fundi anapochimba na kukuta bomba lisilolingana na alichoambiwa.

Ndani ya QGIS, kupanga safumlalo hubadilisha mwonekano wa jedwali tu. Unawasha hali ya kuhariri, unachagua kwenye ramani mabomba ya mtaa mmoja, unaliambia jedwali lionyeshe yaliyochaguliwa pekee, kisha unaandika thamani mara moja na kuipeleka kwa yote. Kabla ya kuhifadhi unaweza kutengua kila hatua. Ningewashauri pia mhamie GeoPackage, muundo unaoweka maumbo na majedwali katika faili moja, kwa sababu SHP hukata majina ya safuwima yanapozidi herufi 10. Mkiwa na «mwinuko_wa_tenki» na «mwinuko_wa_kilula», yote mawili yanaishia «mwinuko_wa», na moja litabadilishwa jina bila ridhaa yenu.

Mtunza takwimu (Tabora)
Naomba nitofautiane kidogo na Mpimaji. Hatari aliyoieleza ni ya kweli, ila inatokana na kulifungua faili la DBF lenyewe, na lahajedwali inaweza kutumika bila kuligusa. Kwa watu wa vijijini, ambao wana kompyuta moja na hawajafundishwa QGIS, kuikataa lahajedwali ni kuwakatalia kushiriki, na wao ndio wanaojua kilula kipi kimekauka.

Utaratibu ninaouamini ni huu. Kila bomba na kila kilula kipewe namba ya utambulisho isiyojirudia, na QGIS iwekewe sharti la kukataa namba iliyokwisha kutumika. Toeni faili la CSV (jedwali la maandishi matupu linalofunguka kwenye lahajedwali) lenye namba hiyo na safuwima zinazohaririwa tu. Likirudi, liunganisheni na tabaka la ramani kwa namba ya utambulisho, mlinganishe thamani za zamani na mpya, ndipo kikokotoo cha safuwima cha QGIS kihamishe zilizokubaliwa. Namba zianze na herufi, kwa mfano B007, kwa sababu lahajedwali huzifuta sifuri za mwanzo na kuifanya 007 kuwa 7, na ukiandika 3-5 inaweza kuigeuza tarehe.

Fundi ramani (Kasulu)
Naunga mkono hoja ya Tabora, na naongeza jambo linalouhusu mkoa wetu. Nyuzi 30 za longitudo mashariki, ambazo ni mpaka wa kanda mbili za UTM (mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima mahali kwa mita), zinapita ndani ya mkoa wa Kigoma: Kigoma mjini iko kanda ya 35 Kusini, na Kasulu iko kanda ya 36 Kusini. Vipimo vya GPS vya pande zote mbili vikiwekwa kwenye safuwima moja, jedwali litavipokea bila kulalamika. Vipangeni kwa X (kipimo cha mashariki, kwa mita) mtaona: karibu na Kigoma mjini X hukaribia 790,000, ilhali kwa Kasulu hukaribia 180,000. Wekeni safuwima ya kanda, au tumieni nyuzi za latitudo na longitudo tangu mwanzo.

Mpimaji (Mwanga, Kigoma mjini)
Hapo jedwali linaishinda ramani. Mwinuko nao ukaguliwe hivyo hivyo: uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kilula cha Ujiji chenye mwinuko wa 78 kimedondosha tarakimu.

Mhandisi mitandao (Tabora)
Safuwima zinazosema bomba linaanzia ungio gani na kuishia lipi zisiandikwe kwa mkono kabisa. EPANET, programu ya kukokotoa mwendo wa maji kwenye mabomba, hukokotoa shinikizo kwa kufuata maandishi hayo, haiangalii mchoro, kwa hiyo jedwali likisema B014 inafika tenki ilhali kwenye ramani inaishia barabarani, majibu yatalifuata jedwali. Muunganiko urekebishwe kwenye ramani kwa kunasa ncha ya bomba kwenye ungio, na urefu ukokotolewe upya kutoka kwenye mchoro.

Mleta mada (Ujiji)
Nawashukuru wote. Vipenyo na aina za mabomba tutavihariri ndani ya QGIS, madaftari ya vilula yataingia kwa CSV yenye namba za utambulisho, na maungio hayataguswa nje ya ramani. Je, tukihamia GeoPackage, watu wawili wanaweza kuhariri kwa pamoja?

Mtunza takwimu (Tabora)
Faili hilo huruhusu mwandishi mmoja kwa wakati, na kuliweka kwenye folda ya pamoja ya mtandao ni hatari. Gawaneni zamu. Siku mtakapokuwa na seva, hamieni PostGIS, hifadhidata ya ramani inayokaa kwenye seva, ambayo imejengwa kwa waandishi wengi.