Brockenhurst, kijiji cha msituni Uingereza: bila gari mtu atajimudu? Na wale farasi ni wa nani?

MtaaWaPili: Wadau, shangazi anatoka hapa South B, Nairobi, mwezi wa tisa kumtembelea bintiye Brockenhurst, katikati ya New Forest. Gari hatakuwa nalo. Treni na maduka yapo? Kuna cha kutazama zaidi ya miti? Halafu kwenye picha farasi wamesimama mlangoni pa maduka bila mchungaji. Ni wa mwituni?

ReliKuu: Kwa asiye na gari, hapo ndipo penyewe. Stesheni iko kijijini: London Waterloo ni kama saa moja na nusu, Southampton kama dakika 20. Akitua Heathrow asihangaike kuingia London; apande basi la masafa hadi Southampton, amalizie kwa treni. Kuna pia reli ndogo ya Lymington inayomfikisha kwenye feri ya kisiwa cha Wight. Maduka mengi yako Brookley Road, na mwisho wa barabara hiyo kijito kinapita juu ya lami yenyewe. Mvua kubwa ikinyesha, asikatize hapo. Ya usiku anunue mapema.

Malisho: Mkuu, hao farasi wana wenyewe. Haki ya kulisha msituni haimfuati mtu, inafuata nyumba au shamba. Anayekaa pale ndiye huitumia, na kila mnyama hulipiwa ada kwa mwaka. Shangazi atazame mikia: nywele zimekatwa ngazi-ngazi, utadhani kinyozi aliitwa kabla hajamaliza. Hiyo ndiyo risiti. Umbo la mkato linaonyesha mkaguzi wa eneo gani (wenyewe humwita agister) aliyemtia alama. Chapa ya moto mwilini ndiyo humtaja mwenyewe. Mabwana wa haya yote ni Verderers, baraza linalosimamia mifugo na haki za malisho msituni, wenye mahakama yao Lyndhurst.

Geti la bintiye lifungwe kila wakati. Huku kwetu mwenye ng'ombe ndiye hulaumiwa shamba likiliwa; kule kuzuia mifugo ni kazi ya mwenye bustani.

Msimu huo pia ataanza kuona nguruwe wenye pete puani. Wanafunguliwa wale matunda ya mwaloni yaliyoanguka, maana yana sumu kwa farasi na ng'ombe. Pete ni ya kuwazuia kufukua ardhi.

MtaaWaPili: Kwa hiyo akiwapa karoti si vibaya?

Malisho: Asithubutu. Tangu Julai 2023 kuwalisha au hata kuwapapasa ni kosa lenye faini. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo chakula kibaya kinaweza kumuua kwa msokoto wa tumbo. Na aliyezoea kupewa hushinda kando ya barabara, ndipo magari humgonga usiku.

Mawe_na_Makaburi: Historia ipo tele. Mfalme William Mshindi aliutenga msitu huu uwe uwanja wake wa kuwinda mnamo 1079, na mwanawe, William wa Pili, akafia humohumo kwa mshale tarehe 2 Agosti 1100. Jiwe la kumbukumbu liko karibu na Minstead, lakini bila gari ni mbali.

Aanze na kanisa la St Nicholas, anafika kwa miguu. Uani kuna makaburi zaidi ya 90 ya wanajeshi wa New Zealand, waliokuwa na hospitali kijijini wakati wa Vita vya Kwanza. Wanajeshi Wahindi walitibiwa hapo kabla yao, na wachache wamezikwa hapohapo. Atafute pia kaburi la Brusher Mills, mkamata nyoka aliyekufa 1905 baada ya miaka mingi ya kuishi kibandani msituni.

ReliKuu: Nyongeza: kupe. Avae suruali ndefu, aichomeke ndani ya soksi, ajikague jioni. Akimkuta, amshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja juu, bila kumnyonga wala kumpaka mafuta. Wekundu unaotanuka, dalili ya ugonjwa wa Lyme unaoletwa na kupe, unaweza kutokea hata wiki kadhaa baadaye, akiwa ameshafika Nairobi. Hapo amwambie daktari kwamba alikuwa New Forest, la sivyo atapimwa malaria na taifodi tu.