Shamba letu Kinangop na mitambo ya upepo: mama ataugua? Na mbolea ya ruzuku je?

Kiazi_Mviringo: Hamjambo wadau. Niko Kinangop hapa Kenya, tuna ekari nne za viazi na kabeji, na ng'ombe wawili. Kampuni fulani inakodi mashamba isimike mitambo ya umeme wa upepo. Pesa si mbaya. Sasa mama ana presha, na watu wanasema mngurumo ule unakosesha usingizi na ng'ombe wanatoa mimba. Jirani wa juu anaumwa kichwa tangu wasimike karibu naye. Pili, nikikodisha ekari moja, nitafutwa kwenye mbolea ya ruzuku? Nijibuni haraka, silali.

Mkulima_Halisi: Ya mbolea nakujibu mimi. Ulisajiliwa kwa chifu ukataja ekari, na meseji ya vocha huja kwa hesabu hiyo. Ukibaki na tatu, sema tatu. Lakini gunia la shilingi 2,500 lisikutoe roho. 2024, ule mwaka wa mbolea feki, nilibeba sita. Viazi vikatoka kama gololi. Mke wangu akavipika na maganda yake kwa hasira, nikala kimya.

Shosho_Njabini: Mjukuu wangu, mradi wa kwanza wa hapo, ule wa megawati 60, ulikufa 2016 baada ya watu kuandamana. Na wewe unaurudisha kwa mlango wa nyuma. Vijana wa siku hizi mna njaa ya nini?

Dakitari_wa_Mtaa: Shosho, pole pole. Kanada walichunguza watu 1,238 wanaoishi karibu na mitambo, matokeo yakatolewa 2014. Hawakuona kelele zile zikihusiana na maradhi wala kukosa usingizi. Walichoona ni kero: sauti ikipanda, watu wanakereka zaidi. Kule Ontario, jimbo lao moja, mtambo haukai chini ya mita 550 kutoka nyumba ya mtu. Nyumba ya mama iko mita ngapi? Na hati ya shamba ina jina la nani?

Kiazi_Mviringo: Kama mita 300. Hati ni ya familia.

Dakitari_wa_Mtaa: Familia si jina.

Kiazi_Mviringo: Sawa, ni ya baba. Alituacha 2017. Mirathi hatujafanya, dada yuko Doha na kila akipiga simu ni ugomvi. Na nilishatia sahihi, wakanipa kitu kidogo cha kuanzia. Msinirukie! Ninayelima ni mimi, ninayempeleka mama kliniki ni mimi.

Wakili_Bila_Ofisi: Ndugu, kugusa mali ya marehemu kabla ya mirathi ni kosa la jinai, na mjane ndiye wa kwanza kuulizwa. Tena shamba la kilimo halikodishwi bila idhini ya Bodi ya Ardhi. Miezi sita ikipita bila kuiomba, mkataba ni karatasi ya kufungia maandazi, na hela uliyopewa ni deni. Umeifanyia nini?

Kiazi_Mviringo: Nilinunua pikipiki. Lakini ni ya biashara.

Binti_Ngong: 😂😂 Mimi nimekulia Ngong, mitambo tunayo tangu 1993. Usingizi tunakoseshwa na wapenzi wanaokuja kupiga picha.

Ndovu_Mkimya: Ngojeni kidogo. Shosho amesema mradi ulikufa. Kinangop nzima mtambo uliosimama ni upi? Jirani anaumizwa kichwa na nini? Huyu anatutungia hadithi, na mwezi jana alikuwa hapa analia kuku wake wameibwa.

Mkulima_Halisi: Nilijua! Nirudishiwe bando langu.

Kiazi_Mviringo: Kuku waliibwa kweli. Na mimi nilisema wamesimika, sikusema mtambo. Ni mlingoti wa kupimia upepo.

Ndovu_Mkimya: Huo mlingoti una mapanga kama ya mtambo?

Kiazi_Mviringo: Hauna. Ni mwembamba, umefungwa nyaya, juu kuna vikombe vidogo vinazunguka.

Ndovu_Mkimya: Na kichwa kinamuuma?

Kiazi_Mviringo: Tangu siku ya kwanza.

Dakitari_wa_Mtaa: Huyo mpelekeni akapimwe macho.

Shosho_Njabini: Mnacheka. Kichwa kinachouma ni chake, si chenu.

Binti_Ngong: Shosho, wakati wanasimika, huyo jirani alilipwa au hakulipwa?

Kiazi_Mviringo: Mlingoti uko kwa shemeji yake, mpakani. Aliyelipwa ni shemeji.

Binti_Ngong: Aaaah.

Kiazi_Mviringo: Jamani turudi kwenye mada. Mama ametoka nje sasa hivi, anauliza ile pikipiki ni ya nani. Nimwambieje?