Binti wa miaka 14 anaona aibu na vinyweleo vya miguuni, nimsaidieje?

MamaMdogo_Mbagala
Habari za jioni wapendwa. Naishi na mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 14, yuko form two, mpole hana makuu. Tangu mwaka jana miguu imeota vinyweleo vingi vyeusi hasa kwenye ugoko, na juu ya mdomo kuna kama kisharubu chepesi. Mimi nilikuwa naona kawaida tu maana mama yake alikuwa hivyo hivyo na bibi yetu pia, kumbe mwenzangu anateseka. Joto lote hili la Dar anavaa taitsi nyeusi chini ya sketi ya shule, ukimuuliza anakwambia anasikia baridi.

Sasa jumapili naingia bafuni nakuta maji ya kwenye beseni yana damu na wembe wa mume wangu uko pale chini. Kajinyoa mkavu, bila hata sabuni, kajichana kwenye ugoko kidonda kirefu kama kidole. Nimemuita kakaa kimya, baadae ndo akalia akasema kuna wavulana darasani wanamwita Beberu. Sijamgombeza jamani, nimemuosha kidonda nikamfunga basi.

Naomba msaada, tutumie nini? Wembe, krimu ya kunyolea, wax, au nimwambie aviache tu? Naogopa maana nimesikia ukinyoa mara moja vinarudi vinene kama ndevu. Na hela ya saluni kila mwezi sina.

Dada_wa_Tanga
Pole sana mamdogo, na umefanya la maana kutomgombeza. Mimi mama yangu alinichapa kwa kosa hilo hilo na nikaendelea kujinyoa kwa kujificha miaka mitatu, tena na viwembe vilivyotupwa.

Hilo la kurudi vinene si kweli. Wembe unakata unywele juu juu, shina lililoko ndani ya ngozi halijaguswa. Ule unaobaki ncha yake ni butu ndo maana ukipapasa unahisi unachoma, ila unene wake ni ule ule. Kwa miguu mimi ningeanza na wembe kwa sababu ni rahisi, hauumi, na akibadili mawazo anaacha vinarudi kama zamani. Ila umfundishe, usimwachie agundue mwenyewe. Mnunulie mashine yake ya kunyolea ile ya plastiki yenye mpini, sio kiwembe kitupu. Aoge kwanza vinyweleo vilainike, apake povu zito la sabuni au hata kondishena ya nywele ya bei rahisi (hiyo inateleza vizuri kuliko sabuni), anyoe kufuata upande vinakolala yaani kushuka chini, asikandamize, asuuze wembe kila anapopitisha. Kwenye goti akunje mguu na aende taratibu, hapo ndo watu wanajikata. Akimaliza maji baridi na mafuta ya mgando, yasiyo na manukato. Na mpaka kidonda kipone asiguse huo mguu kabisa.

Na asichangie wembe na mtu, hata wewe. Homa ya ini na virusi vya ukimwi vinaweza kupita kwenye damu ambayo hata huioni kwa macho.

BintiForodhani
Huku kwetu Unguja tunapika halawa ya kutolea vinyweleo, sukari vikombe viwili, maji robo kikombe na maji ya ndimu robo kikombe, moto mdogo mpaka iwe rangi ya asali. Inang'oa na shina kwa hiyo unakaa wiki tatu mpaka nne bila kitu, na ukiipika jikoni kwako haikugharimu sana. Lakini shoga yangu nikwambie ukweli, inauma, na mtoto wa miaka 14 ambaye ana aibu ya mwili wake mimi nisingemuanzishia hapo. Halafu ukiipaka kabla haijapoa inaunguza vibaya, nimeona mtu katoka lengelenge mkono mzima.

Kwa sisi wenye unywele wa kujikunja kuna shida nyingine, ukiung'oa au ukiunyoa karibu sana unaweza kuota kwa ndani ya ngozi ikawa vipele halafu vipele vinaacha madoa meusi yanayokaa miezi. Asivikwanyue. Akiona vinaanza apumzike kunyoa wiki kadhaa.

Kuhusu krimu, ile dawa yake inayeyusha unywele, na ngozi nayo inaweza kuungua ukizidisha dakika. Ajaribu kidogo pembeni ya mguu asubiri siku nzima kwanza. Ya miguuni isipande usoni hata siku moja! Hicho kisharubu kama kinamkera apelekwe kwa wanaotoa kwa uzi, ni dakika chache tu.

Baba_wa_Wanne
Samahani naingilia mazungumzo ya kina mama ila nina mabinti. Mnaongea wembe tu, na hao wavulana je? Akishanyoa watahamia kwenye pua au meno. Nenda shule muone mwalimu wa malezi, ongea naye pembeni sio mbele ya darasa, mtoto asije akaaibika mara ya pili. Binti yangu wa pili alipitia kitu kama hicho, mwalimu wa darasa aliwaita wale vijana mmoja mmoja na ikakoma.

Nesi_Mstaafu
Mengi mmesema vizuri, naongeza machache. Kama ukoo wenu wote mko hivyo basi kuna uwezekano mkubwa ni maumbile tu. Ila mwangalie: vikiota vinene kidevuni, kifuani au tumboni, chunusi nyingi zisizoisha, au hedhi inapotea miezi mitatu mfululizo, mpeleke hospitali wapime homoni. Hedhi kuyumba kidogo miaka ya mwanzo kwa umri huo ni kawaida, usimtishe.

Na chunguza kimya kimya anapaka nini. Wasichana wakiona aibu wanakimbilia mkorogo, na kuna krimu za kung'arisha zenye steroidi (dawa kali za jamii ya homoni) ambazo zenyewe zinaweza kuotesha vinyweleo pale unapopaka. Na mkisikia habari za laser, ile mashine ya kuunguza mashina ya vinyweleo kwa mwanga, asubiri akue homoni zitulie, na kwa ngozi nyeusi si kila mashine inafaa, nyingine zinaunguza.

MamaMdogo_Mbagala
Asanteni sana sana, nimesoma yote nikamsomea na yeye. Mkorogo hana, nimeangalia. Nimemwambia uamuzi ni wako, ukitaka kunyoa nitakufundisha ukitaka kuacha pia ni miguu yako. Kafikiri siku mbili.

Jana kidonda kimekauka vizuri, tumekaa bafuni na kondishena, kila mtu na wembe wake, nikanyoa mguu wangu mmoja yeye akiangalia kisha akanyoa wa kwake, taratibu mno, kila mkupuo anauliza hivi sawa? Kisharubu amesema kikae kwanza. Mwalimu nimempigia, tunaonana jumatano saa nne. Leo asubuhi kaondoka na soksi fupi, taitsi kaiacha kitandani.