Nimepata kibali cha kuwinda elki kwa upinde katika milima ya Gila: mwanafunzi aanzie wapi?

Mtu wa Pangani (Dallas) anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa wangu nasema shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nihamie Dallas, Texas. Mwezi wa Machi mwenzangu wa kazini, ambaye amewinda tangu utotoni, alinishawishi tutume maombi ya vibali vya kuwinda elki katika jimbo la New Mexico, kila mtu lake. Matokeo yalipotoka mwezi wa Aprili yeye alikosa, nami nikapata: dume mmoja, kwa upinde tu, nusu ya pili ya Septemba, katika milima ya Gila iliyo kusini-magharibi mwa jimbo hilo.

Kwa wasiomjua, elki ni mnyama wa jamii ya kulungu (deer), ila dume lake hufikia kilo 300 na kupita, na pembe zake huanguka na kuota upya kila mwaka. New Mexico haina utaratibu wa kujiwekea pointi mwaka hadi mwaka, zinazomwongezea mwombaji nafasi ya kupata kibali, kama majimbo kadhaa ya magharibi. Kila ombi huingia upya katika bahati nasibu. Kwa sheria, wakaazi wa jimbo hutengewa asilimia 84 ya vibali, walioingia mkataba na waongozaji asilimia 10, na sisi wageni tusio na mwongozaji tunagawana asilimia 6 iliyobaki. Ndiyo maana nalichukulia jambo hili kama ambalo halitanirudia maishani.

Nina upinde wa roda nilioununua Desemba. Kwa yadi 20 mishale yangu yote huingia katika eneo la ukubwa wa sahani, lakini kwa yadi 40 hutawanyika ovyo. Sijawahi kuua mnyama yeyote zaidi ya kuchinja mbuzi wa Idi. Mwenzangu amekubali kufuatana nami ili anisaidie kumwita mnyama. Naomba mnieleze niugawanye vipi muda huu wa miezi minne na ushei, nijiwekee mpaka gani wa umbali wa kupiga, na mimi kama Mwislamu nizingatie nini ili nyama iwe halali. Linaloninyima usingizi zaidi ni kumjeruhi mnyama kisha nikampoteza porini.

Mzee wa Flagstaff anajibu:

Marahaba, mwanangu, na hongera. Hofu uliyoitaja mwishoni usiifukuze, kwa maana ndiyo itakayokufanya ujiandae ipasavyo.

Kabla ya kuongeza mazoezi, rudi kwa fundi wa pinde akupime urefu wa mvuto wako, yaani umbali ambao mkono wako huuvuta uzi wa upinde. Mtu anaponunua upinde kwa mara ya kwanza mara nyingi huuziwa uliowekewa mvuto mrefu kuliko mkono wake, na dalili yake ndiyo hiyo unayoieleza: karibu anapiga vizuri, mbali mishale inatawanyika. Kipimo cha haraka ni kunyoosha mikono yote miwili pembeni, kupima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kile cha pili, kisha kugawanya kwa 2.5. Kuhusu nguvu ya kuuvuta upinde, paundi 60 zinatosha kabisa kwa elki, na ni afadhali paundi 55 unazozivuta polepole ukiwa umekaa chini kuliko 70 zinazokulazimisha kuuinua upinde angani ndipo uweze kuuvuta, kwa sababu dume aliye mbele yako atauona mwendo huo. Mwezi wa Julai anza kupiga kwa vyembe vyenyewe vya kuwindia, maana mshale ulioruka vizuri ukiwa na kichwa cha mazoezi unaweza kupinda njia ukivikwa chembe chenye mabawa ya wembe.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni la mshale mmoja. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mwili ukiwa haujapata moto, piga mshale mmoja tu, uandike ulipoingia, kisha ufunge upinde. Porini hutapewa mishale kumi ya kujipasha. Siku za mapumziko piga ukiwa umepiga magoti, ukiwa na shanta mgongoni, ukiwa umetoka kukimbia ngazi na moyo unadunda. Itakapofika katikati ya Agosti tazama daftari lako: umbali ambao kwao ule mshale wa kwanza huingia ndani ya sahani siku tisa kati ya kumi ndio mpaka wako, na ukiingia msituni upunguze yadi kumi. Ukipata yadi 30, ridhika nazo. Elki wengi waliopigwa kwa upinde ninaowajua walipigwa ndani ya umbali huo.

Sasa niseme juu ya upepo, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi wanapoharibikiwa. Elki akikuona anaweza kusimama akakutazama, na akikusikia anaweza kudhani wewe ni mwenzake, lakini akikunusa haulizi mara mbili: ataondoka na kundi zima, na huenda asisimame mpaka avuke bonde. Milimani hewa ina desturi zake. Usiku na alfajiri hewa iliyopoa huwa nzito, nayo huteremka mabondeni kama maji. Jua likishapasha miteremko, kwa kawaida kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, hugeuka ikaanza kupanda. Na jioni kivuli kikishaingia hurudi kushuka. Kwa hiyo alfajiri, elki wanapopanda kutoka malishoni kwenda kulala, wafuate kutoka chini ili harufu yako iteremke nyuma yako, na ukiona hewa inaanza kuyumba acha kuwafuata, zunguka mbali upate kuwa juu au ubavuni mwao. Beba chupa ndogo ya unga mwepesi uupulize kila baada ya dakika chache. Katika Gila mvua za kiangazi zinaweza kuendelea hadi Septemba, na wingu la radi la alasiri huvuruga utaratibu huo wote. Saa hizo kaa ulipo.

Kuhusu mwenzako anayeita, asikae karibu nawe. Katikati na mwishoni mwa Septemba ndipo madume wanapopigania majike, nawe utasikia mlio wao mrefu unaoanza chini, ukapanda hadi kuwa kama filimbi, ukamalizikia kwa mkoromo. Dume akiitwa kwa sauti ya jike huja mpaka mahali ambapo angetarajia kumwona jike huyo, na asipomwona husimama hapo hapo. Basi muitaji akae mita 40 au 50 nyuma yako, ili dume atakaposimama kumtafuta awe amekwisha fika kwako. Wewe simama mbele ya kichaka badala ya kujificha nyuma yake, na uvute upinde wakati kichwa chake kimepita nyuma ya mti.

Mpige akiwa ubavu wazi, au akiwa ameelekea mbali nawe kidogo, nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Akikutazama uso kwa uso, mwache. Ukishaachia mshale usikimbie kumfuata. Angalia saa, weka alama mahali ulipokuwa na mahali alipokuwa, kisha kaa. Damu nyangavu yenye povu ni ya mapafu, na baada ya saa moja unaweza kuifuata. Damu nzito yenye weusi huwa ya ini, mpe saa tano au sita. Mshale ukinuka matumbo na kuwa na ukijani, mpe saa kumi na zaidi, hata kama ni kulala hadi asubuhi. Ujanani nilikaa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, na nakumbuka jinsi Wahadzabe wakishampiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu walivyomwacha aende, wakarudi kambini, na baadaye ndipo wakazifuata nyayo zake. Mnyama asiyesumbuliwa hulala karibu, anayefukuzwa huenda mbali.

Mpiga Shabaha (Phoenix) anajibu:

Namheshimu Mzee, lakini kwa upinde wa kisasa na kipima umbali cha leza, yadi 60 ni umbali wa kawaida kwa mtu anayefanya mazoezi kila siku. Nimeshinda mashindano kwa umbali huo. Kumwambia kijana ajifunge kwenye yadi 30 ni kumpotezea nafasi pekee aliyo nayo.

Mzee wa Flagstaff anajibu:

Ndugu yangu, sibishi kwamba mkono wako unafika yadi 60. Kinachonizuia ni mnyama mwenyewe. Mshale unaokwenda futi 270 kwa sekunde huchukua theluthi mbili za sekunde kufika yadi 60, na muda huo unamtosha elki kupiga hatua moja kwa kusikia tu mlio wa upinde. Hatua moja hukitoa chembe kifuani kikaingia tumboni. Shabaha ya mashindano haipigi hatua. Kijana huyu ana upinde wa miezi michache, na amesema wazi anachokiogopa.

Mama Ukerewe (Boise) anajibu:

Kaka wa Pangani, naongezea yale ambayo hukuyauliza. Umeuliza namna ya kumpata mnyama, lakini hukuuliza utamfanyaje akishaanguka, na mimi nilijifunza hilo kwa hasara. Mwaka wangu wa pili hapa Idaho nilimpata jike saa kumi jioni, nikamchuna, nikamgawa, lakini mapaja ya nyuma niliyaacha na mifupa yake usiku kucha kwa kuwa nilidhani baridi ingetosha. Asubuhi nyama iliyozunguka mfupa wa nyonga ilikuwa imeharibika. Nililia pale pale, kwa sababu mnyama yule alikuwa amekufa kwa mkono wangu.

Elki ana ngozi nene na mwili unaotunza joto kwa saa nyingi, na mchana wa Septemba katika Gila unaweza kufika nyuzi 25. Mchune mara moja bila kupasua tumbo: anza ubavu mmoja, ondoa mguu wa mbele, wa nyuma, nyama ya mgongoni na ya shingoni, kisha mgeuze. Toa mifupa yote, tia nyama katika mifuko ya pamba inayopitisha hewa, uitundike kivulini penye upepo. Acha uthibitisho wa jinsia ukiwa umeambatana na nyama kama kanuni zinavyotaka. Katika jimbo hilo kuna ugonjwa wa ubongo wa kulungu, na Texas ina masharti juu ya kuingiza ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo nyama isiyo na mifupa itakupunguzia pia wasiwasi wa mpakani.

Dume mkubwa hutoa nyama tupu ya kilo 80 hadi 110. Kwa watu wawili ni safari mbili nzito, mbali na kichwa. Kwa ajili hiyo nakuomba usiwinde zaidi ya kilomita tatu kutoka mahali gari linapofika, hata ukisikia dume analia bonde la pili. Dallas ni tambarare, basi tafuta jengo la kuegeshea magari lenye ghorofa nyingi, upande ngazi mara tatu kwa wiki ukiwa na kilo 10 katika shanta, ukiongeza taratibu hadi 25. Na kwa kuwa unatoka chini na utawinda kwenye mwinuko wa mita 2,000 hadi 3,000, fika siku tatu kabla, unywe maji ya kutosha, na siku ya kwanza utembee tu ukitazama nyayo na madimbwi wanamogaagaa.

Maalim wa Minneapolis anajibu:

Ndugu yetu, elki ni mla majani na ni halali kuliwa, na uwindaji kwa mshale una hukumu zilizo wazi. Msingi wake ni hadithi ya Adiy bin Hatim, aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya mnyama anayepigwa kwa chombo cha kurusha. Akajibiwa kwamba kilichochomwa kwa makali aliwe, na kilichouawa kwa kugongwa na ubapa asiliwe. Chembe chenye wembe kinatimiza sharti hilo. Taja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuachia mshale, na uachie wewe mwenyewe. Ukimkuta angali na uhai, mchinje. Hata ukimpata baada ya siku nzima, ukiona kwamba hana jeraha jingine ila la mshale wako, unaruhusiwa kumla, lakini ukimkuta amezama majini mwache, kwa kuwa hujui kilichomuua ni maji au ni mshale. Kwa hiyo subira anayoisisitiza Mzee haikuharibii uhalali wa nyama.

Mtu wa Pangani (Dallas) anajibu:

Nawashukuru nyote, na Mama Ukerewe nakushukuru kwa namna ya pekee, maana sikuwa nimefikiria mifuko wala mifupa. Jana nilikwenda kwa fundi. Mvuto wangu ni inchi 27, na upinde ulikuwa umewekwa 29. Ameurekebisha na kuushusha hadi paundi 55, na leo asubuhi mshale wangu mmoja wa yadi 30 umeingia kwenye sahani, upande wa kushoto kidogo. Nimeuandika. Mwenzangu amekubali tukae ndani ya kilomita tatu, na ameanza kujifunza sauti ya jike akiwa garini, kwa kuwa mkewe hataki kuisikia nyumbani. Mzee, nina swali moja lililobaki: kwa jioni za mwanzo, kabla hatujawajua wanyama wanapita wapi, unaonaje tukikaa kwenye maji kuliko kutembea?

Mzee wa Flagstaff anajibu:

Kaeni kwenye maji. Tafuteni dimbwi lenye tope lililochafuliwa karibuni na nyayo za kwato pana, lililo mbali na barabara, mfike saa tisa alasiri, na mkae upande ambao hewa ya jioni ikianza kushuka itaipeleka harufu yenu mbali na njia wanayoingilia. Unga wako uwe mkononi.