Makombe 9 ya Athletics ni ya mji gani?

Mdau_wa_Nyegezi:
Wakuu, habari za jioni. Naandaa bango la historia ya Athletics, timu ya besiboli ya Marekani, kwa vijana wanaojifunza besiboli hapa Nyegezi. Naona Philadelphia, Kansas City, Oakland, na sasa jina halina mji kabisa. Makombe 9 yote ya ubingwa (World Series) niyaweke chini ya Oakland? Na kule Marekani timu inahamaje? Sisi tumezoea ya Ihefu, iliyotoka Mbarali na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars.

Bismarck_Rock:
Mkuu, ukiyaweka yote Oakland utawapotosha vijana. Philadelphia (1901–1954) ina makombe 5: 1910, 1911, 1913, 1929 na 1930. Kansas City (1955–1967) haina hata moja. Misimu yote 13 walifungwa mara nyingi kuliko walivyoshinda. Oakland (1968–2024) ina 4: 1972, 1973, 1974 na 1989.

Jumla inakuwa 9 kwa sababu rekodi hufuata uanachama wa ligi, na uanachama ni mali ya mwenye timu. Akihama, anaondoka na makombe pamoja na mikataba ya wachezaji. Hata tembo wa nembo yao ni wa Philadelphia: mwaka 1902 John McGraw, kocha wa timu hasimu, aliwakejeli kuwa ni "tembo mweupe", yaani mzigo wa hasara, na kocha Connie Mack akamfanya tembo huyo kuwa alama ya timu.

Ukiongeza timu nyingine kwenye bango, chunga Washington Senators. Walikuwa wawili! Wa kwanza walihamia Minnesota 1961 wakawa Twins. Mwaka huohuo Washington ikapewa Senators wapya, nao wakahamia Texas 1972 wakawa Rangers. Wengi huwachanganya.

Stendi_ya_Igoma:
Kuhusu kuhama: mwenye timu anapeleka ombi, na robo tatu ya wamiliki 30 wa timu za ligi kuu ya besiboli (MLB) lazima wakubali, yaani kura 23. Tarehe 16 Novemba 2023 wote 30 walikubali Athletics wahamie Las Vegas. Kabla ya hapo, Juni, jimbo la Nevada, iliko Las Vegas, lilikuwa limeshapitisha hadi dola milioni 380 za umma kwa ajili ya uwanja.

Tatizo likawa kalenda. Mkataba wa uwanja wa Oakland uliisha 2024, ila uwanja wa Las Vegas unatarajiwa 2028. Misimu 3 ya katikati, karibu mechi zote za nyumbani wanachezea West Sacramento kwenye uwanja wa watu kama 14,000, wakigawana na River Cats wa daraja la chini. Ndiyo maana wanaitwa Athletics tu.

Vijana wakiuliza kwa nini hawakwenda San Jose, palipo karibu na Oakland, sababu ni kwamba kule ni eneo la Giants (timu ya San Francisco) kwa kanuni za ligi. Mji ulifungua kesi, lakini tangu hukumu ya 1922 besiboli ina kinga dhidi ya sheria za ushindani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza.

Mdau_wa_Nyegezi:
Nashukuru sana. Charlie Finley, yule mmiliki wao wa zamani, ndiye aliyewatoa Philadelphia?

Bismarck_Rock:
Hapana, ni Arnold Johnson, aliyenunua kwa familia ya Mack mwaka 1954. Aliwaachia Yankees (timu ya New York) wachezaji wazuri mno kwa kubadilishana, akiwemo Roger Maris, Desemba 1959. Miaka miwili baadaye Maris akavunja rekodi ya Babe Ruth ya kupiga home run nyingi zaidi katika msimu mmoja. Johnson alifariki 1960, Finley akanunua mwishoni mwa mwaka huo, na 1968 akaipeleka timu Oakland. Seneta Stuart Symington wa Missouri alitishia kuishambulia ile kinga bungeni, na Kansas City ikapata timu mpya, Royals, 1969.

Stendi_ya_Igoma:
Kwenye safu ya Oakland malizia na mechi ya mwisho: 26 Septemba 2024, Athletics 3, Rangers 2, watazamaji 46,889. Safu ya Las Vegas iache wazi.